Maneno ya Kompyuta na Intaneti Yanayowachanganya Wanaoanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila darasa la watu wazima linapoanza upya. Wengi wanaoyauliza wametumia simu janja kwa miaka, kwa hiyo kubofya si tatizo lao. Kinachowakwaza ni maneno yanayokaa jirani, yanayofanana sura au yanayotamkwa kwa zamu moja, lakini kila moja lina kitu chake. Ndiyo maana majibu haya hayakupangwa kwa alfabeti kama kamusi. Yamepangwa kwa kufuata mahali ambapo neno moja huchukuliwa kwa jingine, na mara nyingi mahali hapo ndipo fedha na muda hupotelea.

Niseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi?

Sema kompyuta, nawe utaeleweka kila mahali. Tarakilishi limeota mizizi zaidi Kenya, na ngamizi utalikuta katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili, hasa ya miaka ya nyuma. Yote matatu yanataja mashine ileile. Ile ya kubebeka huitwa kompyuta mpakato au kipakatalishi, ingawa dukani muuzaji atakujibu kwa kusema laptopu.

Neno jipya linaweza kukaa kamusini kwa miaka bila mtu kulitamka, kisha likatolewa mtaani na tukio moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa kishikwambi, yaani tableti, nchini Tanzania: wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu kwenye vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo wakagawiwa walimu. Leo hata mzee ambaye hajawahi kushika kimoja analijua jina lake. Wala Kiswahili hakikuanza jana kuingia kwenye kompyuta, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili.

Mtandao, intaneti na wavuti si kitu kimoja?

Hapana, ingawa katika mazungumzo ya kila siku neno mtandao hubeba mizigo yote mitatu. Mtandao ni neno pana kuliko mengine: ni vifaa viwili au zaidi vilivyounganishwa ili vipashane taarifa. Kompyuta nne za ofisi ya kata zinazotumia printa moja tayari ni mtandao, hata kama hakuna hata moja inayofika nje ya jengo. Mtandao wa simu unaokuwezesha kupiga na kupokea ni mtandao mwingine.

Intaneti ni muungano wa mitandao hiyo ya dunia nzima, na kinachoiunganisha ni kanuni za pamoja za kupelekeana taarifa zinazojulikana kama TCP/IP, ambazo mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Wavuti ulikuja baadaye. Ni mkusanyiko wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, wazo lililotolewa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikautoa kwa umma, mtu yeyote autumie bila malipo. Intaneti basi ni kama bahari, na wavuti ni jahazi moja tu kati ya majahazi yanayopita humo. Barua pepe ni jahazi jingine, na simu za WhatsApp ni jingine.

Bahari yenyewe nayo imo katika habari hii. Sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na kabla ya hapo eneo letu lilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Tarehe 12 Mei 2024 waya huo na mwenzake wa EASSy zilikatika, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwamo. Siku hizo watu walilalamika kwamba mtandao umekatika, huku wakilalamika kwa kupigiana simu. Mtandao wa simu ulikuwapo. Iliyokosekana ni intaneti.

Wi-Fi imeshika, mbona hakuna kinachofunguka?

Kwa sababu Wi-Fi ni kile kipande cha njia kilicho kati ya simu yako na ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti, iliyo ukutani au juu ya kabati. Alama zile za mawimbi zikijaa, zinakwambia kwamba simu imefika kwenye ruta, basi. Kama ruta yenyewe haijapata intaneti, iwe ni kwa sababu kifurushi cha mwezi kimeisha au waya wa nje umekatwa na mchimba mtaro, alama zitabaki zimejaa na ukurasa hautafunguka. Ukitaka kujua tatizo liko upande gani, zima Wi-Fi, washa data ya laini yako, ujaribu ukurasa uleule.

Nikipiga *150*00#, menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, natumia intaneti?

La. Menyu zinazofunguka kwa nyota na reli hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, ndiyo maana zinafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe isiyo na bando. Programu ya huduma hiyohiyo ya fedha, ile unayoisakinisha kwenye simu janja, kwa kawaida huhitaji intaneti. Akaunti ni moja, milango ni miwili.

MB, GB na Mbps zina tofauti gani, na kwa nini bando linaisha kabla sijafanya chochote?

Kipimo kidogo kabisa cha taarifa za kompyuta ni biti, ambayo ni ama 0 ama 1. Biti 8 hufanya baiti moja. Megabaiti, yaani MB, ni baiti milioni moja, na gigabaiti, yaani GB, ni kama megabaiti elfu moja. Hivi ni vipimo vya wingi, kama lita za mafuta ya taa: bando la GB 1 ni kiasi unachoruhusiwa kuchota.

Mbps ni kipimo cha mwendo wa kuchota, na hapo ndipo tangazo humwacha mnunuzi nyuma, kwa kuwa b hiyo ndogo ni biti, si baiti. Anayeuziwa huduma ya Mbps 20 hapati MB 20 kwa sekunde. Agawe kwa 8, na atapata MB 2.5. Filamu ya MB 700 itamchukua karibu dakika tano kuipakua, tena kama mwendo hautashuka njiani, na jioni watu wanaporudi nyumbani huwa unashuka. Hesabu hii ya kugawa kwa 8 ni ndogo, lakini ninaiona kuwa yenye faida kuliko nusu ya istilahi zinazofundishwa siku ya kwanza.

Hesabu nyingine inayozua ugomvi dukani ni ya flashi ya GB 32 ambayo, ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows, huandikwa GB 29.8. Muuzaji hajakuibia. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo ujazo ni uleule na vipimo ndivyo viwili.

Bando kuisha wakati simu imelala mezani husababishwa na kazi zinazofanyika nyuma ya pazia: programu zinazojisasisha, video zinazojicheza zenyewe unapopita tu, na picha za makundi ya WhatsApp zinazojipakua bila kuulizwa. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, uzuie picha na video zisijipakue unapotumia data ya simu. Mama mmoja aliyekuwa katika makundi kumi na moja, matatu yakiwa ya harusi, alifanya hivyo darasani, na wiki iliyofuata akaja kuuliza kama simu yake imeharibika kwa sababu bando lilikuwa bado lipo.

Kivinjari ndiyo Google?

Kivinjari ni programu iliyo ndani ya kifaa chako inayofungua kurasa za wavuti: Chrome, Firefox, Safari, Opera. Google, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni huduma ya kutafuta, yaani tovuti unayoiuliza kurasa fulani ziko wapi. Wanaochanganya hawana kosa kubwa, kwani Chrome imetengenezwa na kampuni ileile ya Google na kisanduku chake cha juu hupokea vyote viwili, anwani kamili au maneno ya kutafuta.

Tofauti hii huonekana pale mtu anapoijua anwani ya tovuti lakini akaamua kutafuta jina lake. Majibu ya kwanza kabisa mara nyingine huwa ni matangazo ya kulipiwa, na tapeli naye anaweza kulipia tangazo. Kama unaijua anwani, iandike.

Anwani ya tovuti inasomwaje?

Inasomwa kuanzia nyuma. Hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mtu aondoke nalo, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Chukua anwani ya kubuni, mfano.co.tz. Herufi za mwisho, .tz, zinaonyesha kwamba jina limesajiliwa chini ya Tanzania, Kenya ni .ke, Uganda ni .ug, Rwanda ni .rw, Burundi ni .bi, na Kongo ya Kinshasa ni .cd. Sehemu inayotangulia hapo hutaja aina ya mwenye tovuti: .co ni ya biashara, .ac ni ya vyuo, .go ni ya serikali. Sehemu inayofuata, ukiendelea kurudi nyuma, ndilo jina la mwenye nyumba. Jina hilo pamoja na mkia wake ndilo linaloitwa kikoa.

Sasa tazama hii: mfano.co.tz.ingia-hapa.com. Jicho la haraka huona mfano.co.tz na kutulia. Anza nyuma: mkia ni .com, na jina lililoushika mkia ni ingia-hapa. Huyo ndiye mwenye nyumba. Maneno mfano.co.tz yaliyotangulia ni mapambo aliyoyaweka yeye mwenyewe mlangoni kwake, kama mtu anayepaka ukuta wa kibanda chake rangi za benki. Kila kilicho baada ya mkwaju wa kwanza unaofuata kikoa, kwa mfano /mikopo au /fomu, ni chumba tu ndani ya nyumba hiyo, na hakibadilishi mwenye nyumba ni nani.

Nikiona alama ya kufuli, au https, niamini tovuti ni salama?

Amini kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo yamefichwa, kiasi kwamba mtu anayedukua Wi-Fi ya hotelini hawezi kusoma unachoandika. Usiamini zaidi ya hapo. Kufuli halisemi mtu aliye upande wa pili ni mwaminifu. Cheti kinachowezesha https hupatikana siku hizi hata bila malipo, na matapeli wanacho. Ushauri wa zamani wa kutazama kufuli pekee umepitwa na wakati, na ninashangaa kuuona bado umebandikwa kwenye mabango. Soma kikoa kwanza.

Barua pepe yangu ni www.jinalangu@gmail.com?

Hapana, na kosa hili liko kwenye wasifu wa waombaji kazi wengi. Herufi www hutangulia baadhi ya anwani za tovuti. Barua pepe haina kabisa. Anwani ya barua pepe ina jina la mtumiaji, alama ya @, kisha kikoa cha huduma inayotunza kikasha chake. Alama hiyo ilianza kutenganisha jina la mtu na kompyuta yake mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma barua za kwanza kati ya kompyuta mbili kupitia ARPANET, na haijaondoka mahali pake tangu hapo. Kumbuka pia kwamba anwani haina nafasi katikati.

Lipo jambo linaloambatana na hili ambalo watu hawaliulizi mpaka yawakute. Simu nyingi za Android huomba akaunti ya Google siku ya kwanza, na akaunti hiyo ni barua pepe. Mnunuzi akiwa hajui, fundi aliye dukani humfungulia, huweka nywila anayoijua yeye, na wote wawili huisahau. Miezi minane baadaye simu inakwama, inarudishwa katika hali ya kiwandani, na inapowaka inadai akaunti iliyokuwamo, kwani ulinzi huo dhidi ya wezi umekuwamo katika Android tangu toleo la 5.1. Mwenye simu anasimama kaunta na simu yake halali mkononi, hawezi kuingia. Kama ulifunguliwa akaunti na mtu mwingine, ifungue leo kwenye mipangilio, soma anwani yake, ubadilishe nywila na uweke namba yako ya simu kwa ajili ya kuirejesha.

Simu imeandikwa GB 4 na GB 64. Ipi ni ipi?

GB 4 ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. GB 64 ni hifadhi. Mfikirie fundi cherehani. Meza yake ndiyo RAM: kitambaa anachokata sasa, mkasi na chaki viko hapo, na meza ikiwa ndogo analazimika kukunja kazi moja ndipo atandaze nyingine. Kabati lake ndilo hifadhi: vitambaa vya wateja wote vimo humo hata duka likifungwa. Umeme ukizimika, kilichokuwa kwenye RAM bila kuhifadhiwa kinapotea, na ndiyo maana barua uliyoichapa kwa saa nzima hutoweka.

Kwa hiyo simu inayolalamika kwamba imejaa haitaponywa kwa kufunga programu zilizo wazi. Kabati ndilo lililojaa, na dawa yake ni kufuta video.

Kupakua, kupakia na kusakinisha?

Kupakua ni kushusha faili kutoka kwenye intaneti hadi kwenye kifaa chako. Kupakia ni kulipandisha, kama unapoambatisha cheti kwenye maombi ya mkopo wa chuo. Kusakinisha ni kuiweka programu iliyokwisha kupakuliwa ili ianze kufanya kazi. Faili la programu linaweza kupakuliwa na kukaa mwaka mzima bila kusakinishwa.

Kirusi kinaingiaje, na kwa nini mafolda yangu yamegeuka njia za mkato?

Kirusi ni programu kama nyingine, isipokuwa imeandikwa kudhuru na kujinakili. Haizaliwi na vumbi wala joto, na kompyuta haiambukizwi kwa kuwekwa karibu na nyingine.

Tukio la mafolda naliandika kwa uchungu kidogo, kwani lilinipata. Nilipeleka flashi kwenye duka moja la steshenari kuchapisha kurasa tatu. Kompyuta ya pale ilikuwa imechoka, kibodi imefutika herufi ya A, na kijana aliichomeka flashi yangu bila kuikagua. Niliporudi nyumbani, kila folda lilikuwa na kijishale kidogo kwenye kona ya picha yake, na ukubwa wa kila moja ulisomeka kilobaiti 1 au 2. Nilidhani kazi ya mwaka imekwenda. Haikuwa imekwenda: kirusi cha aina hii huficha mafolda halisi na kuweka mahali pake njia za mkato, yaani vialama vinavyoelekeza tu kwenye kitu kingine, ili kila unapobofya ukiendeshe chenyewe kwanza. Ukikutwa na hali hiyo usibofye chochote na usifomati, yaani usiifute flashi yote, kwa haraka. Pitisha programu ya kuzuia virusi, kisha amuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, nawe utaviona. Tangu siku hiyo natuma faili la kuchapisha kwa barua pepe, au nabeba flashi isiyo na kitu kingine ndani.

Nywila, PIN na namba ya uthibitisho zina tofauti gani?

Nywila, au nenosiri, ni maneno au herufi ulizochagua mwenyewe kufungulia akaunti, na urefu wake ni kinga kubwa kuliko alama za ajabu: maneno manne yasiyohusiana ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto lenye 123 mbele yake. PIN ni namba fupi, aghalabu tarakimu nne hadi sita. Usalama wake unatokana na mfumo kukataa baada ya majaribio machache, basi usitumie mwaka wa kuzaliwa. Namba ya uthibitisho ni ile inayoletwa kwa SMS, hutumika mara moja na kufa baada ya dakika chache.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowindwa. Anayekupigia akidai ametuma namba kwako kwa makosa, akakuomba umsomee, tayari ameandika namba yako ya simu mahali fulani na amebakiza kipande hicho tu kuingia. Hii ni hadaa, na ni ndugu wa ule ujumbe maarufu wa Tanzania wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao haudukui kompyuta yoyote. Unasubiri mtu mmoja kati ya maelfu awe kweli anadaiwa hela siku hiyo. Ukiupata Tanzania, utume kwenda 15040, na kwa *106# unaweza kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wingu liko wapi, na picha zilizomo humo nikizifuta kwenye simu zinabaki?

Wingu liko ardhini, kwenye majengo yaliyojaa kompyuta zinazoitwa seva, ambazo zinawashwa usiku na mchana na kupozwa ili zisiungue. Kuhifadhi kwenye wingu ni kuweka faili lako kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa makubaliano, na kulifikia kwa intaneti.

Kuhusu picha, hapa ndipo maneno mawili jirani huleta kilio. Nakala rudufu ni nakala ya pili inayokaa peke yake: ukipoteza ya kwanza, ya pili haiguswi. Usawazishaji ni kufanya sehemu mbili zifanane daima, kwa hiyo kinachofutwa huku kinafutwa na kule. Picha zilizo kwenye programu ya Google Photos hufuata njia hiyo ya pili ukizifuta ndani ya programu yenyewe ili kupunguza mzigo kwenye simu, na mtu anayedhani ana nakala winguni hugundua kwamba ameondoa zote mbili. Ipo njia sahihi ndani ya programu hiyohiyo, ile ya kufungua nafasi kwenye kifaa, ambayo huondoa nakala za simu pekee baada ya kuhakikisha zimekwisha kupanda. Aliyekwisha kufuta kwa njia isiyo sahihi afungue sehemu ya takataka ya programu hiyo, kwa maana picha zilizokuwa zimepandishwa winguni hukaa humo siku 60 kabla ya kufutwa moja kwa moja.